Takwimu za Shamba la Litembo

Litembo, Mbinga
25 Novemba 2024

Kwa Bi. Recho Challe,
Mtunza takwimu wa mradi wa ngano,
Mbamba Bay.

Salamu. Barua hii nampa Meshack, dereva wa basi dogo la Mbinga, aifikishe mkononi mwako. Simu nilikupigia tarehe 22, tarehe 23 na tarehe 24, na mara zote ulisema utanipigia. Basi naona tuandikiane. Ulichoandika nitaweza kukushika nacho.

Ijumaa tarehe 22 ulikuwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alisoma ripoti ya majaribio ya mbegu sita za ngano, yale niliyoyatunza mimi kwa misimu miwili, 2023 na 2024, katika shamba letu. Nilivaa kitenge cha kanisani. Nilikaa mbele kwa sababu nilijua jina langu litatajwa. Lilitajwa. Mwenyekiti alisoma, nanukuu kutoka daftari langu maana niliandika palepale: "Takwimu za shamba la Litembo, chini ya usimamizi wa Bi. Ottilia Kinunda, zimeondolewa kwenye hesabu kwa kuwa zina dalili za kupikwa."

Mama Kunigunda, ambaye mdomo wake unamtangulia mlangoni, akasema kwa sauti, "Mama Luisa, kumbe ulikuwa unapika! Mbona hukutuita mezani?" Wakacheka watu wote. Hata katekista alicheka, akajifanya anakohoa.

Baada ya hapo ikasomwa kwamba mbegu ya kuzalishwa na vikundi vyetu kuanzia mwakani ni ile Namba Mbili, na kwamba Nyekundu, ngano yetu ya siku zote, "si imara, inayumba kutoka mazingira hadi mazingira".

Bi. Recho, mimi nimesoma hadi kidato cha nne katika shule ya masista. Najua kusoma mizani na kipimo cha mvua. Kila siku ya jaribio nimeiandika kwa tarehe, hata siku niliyofiwa na shangazi. Nataka mambo matatu. Kwanza, nijue nani aliandika neno "kupikwa". Pili, takwimu za shamba langu zirudishwe kwenye hesabu. Tatu, kurudishwa huko kusomwe mbele ya watu walewale waliocheka.

Nasubiri jibu kwa maandishi.

Ottilia Kinunda


Mbamba Bay
3 Desemba 2024

Mpendwa Mama Luisa,

Shikamoo. Natumaini nyumba yote ni wazima. Hapa ziwani joto limeanza, na mama yangu bado anaumwa miguu, ndiyo maana nafanyia kazi nyumbani badala ya Mbinga mjini. Nisamehe kwa simu.

Pole sana kwa yaliyotokea mkutanoni. Ripoti ile haikuandikwa ili isomwe hadharani neno kwa neno. Timu iliona tatizo kwenye takwimu za Litembo na ikaona ni salama kuziweka pembeni. Nikueleze kwa nini.

Msimu wa 2023 Nyekundu ilitoa kwako tani mbili kwa hekta. Msimu wa 2024 ikatoa tani tatu na robo. Si Nyekundu peke yake: mbegu zote sita zilipanda kwa karibu asilimia sitini. Mvua ya misimu hiyo miwili, kwa kipimo chako mwenyewe, ilikaribiana. Mbolea ni ileile. Maguu na Ruanda mavuno hayakupanda hivyo. Mtu akiona namba zote zimepanda kwa kiasi kilekile, anapata wasiwasi kwamba kuna mahali zimezidishwa.

Kuhusu uimara: tunaita mbegu imara ikiwa mavuno yake hayatawanyiki sana tunapoipanda sehemu mbalimbali. Tulikuwa na mashamba manne: lako, la Maguu, la Ruanda, na moja la hapa chini ziwani ambalo lilimwagiliwa. Namba Mbili inatoa karibu sawa kote. Nyekundu inatoa vizuri juu, halafu huku chini inaanguka kabisa. Ndiyo maana ikaitwa yenye kuyumba.

Naomba ulielewe hilo kama suala la hesabu, Mama Luisa. Hakuna aliyekusudia kukuumiza.

Wako,
Recho


Litembo
8 Desemba 2024

Bi. Recho,

Marahaba. Mpe mama pole.

"Timu iliona." Timu haina macho. Jambo langu la kwanza hukulijibu na nimelipigia mstari daftarini.

Sasa la pili. Nimesoma maelezo yako mara nne, mara ya mwisho leo baada ya misa, nimekaa na kalamu. Kama nimeelewa, mbegu inayonipa kidogo hapa, kidogo Maguu, kidogo Ruanda na kidogo ziwani, hiyo ndiyo imara. Na mbegu inayonipa vizuri milimani ikafa ziwani, hiyo inayumba. Nakubali kwamba mbegu ya kwanza hainishtui. Itanilaza na njaa kwa utulivu kabisa.

Halafu niambie, nani analima ngano ziwani? Mmemwaga maji kwenye mchanga wa moto, mkapanda ngano ya watu wa baridi, ikakauka, mkaja kutuambia ngano yenu haifai. Sisi tukileta mtumbwi tukautia kwenye mto wetu wa Litembo ukakwama kwenye mawe, tutasema mitumbwi ya Wanyasa ni mibovu? Ninyi mna usipa wenu na mbasa wenu, hatujawahi kushuka mlima kuwafundisha kuvua.

Kuhusu kuzidisha. Agosti tarehe 19, 2024, siku ya kupima, walikuwepo hapa afisa ugani, mume wangu Isidori na Mama Kunigunda huyohuyo. Kila gunia lilipimwa mara mbili. Kitalu cha Nyekundu: kilo tano na gramu mia tisa. Msimu uliotangulia, tarehe 21 Agosti 2023: kilo tatu na gramu mia sita. Nilikuandikia kilo. Sikukuandikia tani kwa hekta. Hizo tani umezipata wapi wewe? Mimi sina hekta. Nina vitalu vya ngoro nane nane, kama fomu yenu ilivyotaka.

Umeniambia kuna mahali zimezidishwa. Basi nionyeshe mkono uliozidisha.

Ottilia Kinunda


Mbamba Bay
14 Desemba 2024

Mama Luisa,

Shikamoo.

Barua yako nilimsomea mama. Alicheka pale pa mtumbwi hadi akasahau miguu. Halafu akaniambia nikukumbushe kwamba watu wa ziwani nao wanakula chapati, na unga wa ngano huku unapanda mlima na kushuka mlima kabla haujatufikia. Mradi ni wa wilaya zote mbili, Mbinga na Nyasa. Shamba la huku halikupandwa kuwadhihaki. Mzee Aidan, aliyelitunza, alinyanyua ndoo za maji asubuhi na jioni kwa miezi minne, na yeye hana wa kumwomba radhi kwa ngano iliyokufa. Usimcheke.

Lakini umesema kweli kwenye jambo moja, nami sikulala kwa raha kwa sababu yake. Njia ya kupima uimara si moja. Mimi nilifanya nne. Ya kwanza ni hiyo ya mtawanyiko niliyokueleza. Ya pili inaangalia kama mbegu inapanda pale shamba likiwa zuri na kushuka likiwa baya, na kwa kasi gani. Ya tatu inaangalia mbegu inavyotofautiana na mwenendo wa wenzake. Ya nne ni rahisi kuliko zote: ndani ya kila shamba unazipanga mbegu sita kama watoto darasani, nani wa kwanza, nani wa mwisho, halafu unaangalia nani anashika nafasi nzuri mara nyingi. Njia hizi hazikukubaliana. Ya kwanza iliiweka Namba Mbili juu. Ya nne, na hesabu zako zikiwemo, iliiweka Nyekundu juu. Ripoti ilitumia ya kwanza tu. Uchaguzi huo haukuwa wangu.

Umeuliza tani nilizipata wapi. Fomu zenu tatu za milimani zilileta ukubwa wa kitalu kwa idadi ya ngoro. Ngoro nane. Nilimuuliza mwenzangu ofisini ngoro moja ni kiasi gani, akasema ni mraba wa mita moja na nusu. Nikazidisha: mita za mraba mbili na robo mara nane, kitalu kina mita kumi na nane. Nilitumia hiyo kwa Litembo, Maguu na Ruanda, misimu yote.

Mimi nimekulia kwenye matuta ya mihogo, Mama Luisa. Ngoro nimeziona kupitia dirisha la basi tu, mlima mzima umetobolewa mashimo ya mraba kama sega la nyuki. Nilidhani ngoro ni kipimo, kama debe. Je, si hivyo?

Recho


Litembo
19 Desemba 2024

Recho,

Ngoro si debe.

Barua yako niliipata tarehe 16. Niliisoma nimesimama barabarani, Meshack akiwa bado anapiga honi. Nilipofika pale pa debe, nilitaka kukuandikia maneno ambayo padre angenitoza rozari tatu. Halafu nikakumbuka jambo, nikaahirisha kukuandikia kwa siku tatu.

Nikueleze, kwa kuwa huwezi kulijua. Kwetu kazi ya ngoro ina watu wawili. Mwanamume anafyeka majani kwa nyengo, akishayakausha anayalaza juu ya mteremko kwa mistari, ya kwenda na ya kukatisha, hadi shamba linakuwa miraba mitupu. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya yale majani. Katikati panabaki shimo linaloshika maji, pembeni matuta, na ngano tunaipanda juu ya matuta. Kwa hiyo ukubwa wa ngoro mimi siuamui. Anauamua aliyelaza majani, naye hapimi kwa kamba. Anapima kwa hatua zake.

Nilifungua daftari langu. Tarehe 27 Februari 2023: "Isidori amemaliza kulaza majani kipande cha juu." Tarehe 26 Februari 2024: "Romanus amelaza majani kipande cha chini. Isidori yuko Ngaka, mgodini, harudi kabla ya Pasaka."

Isidori mume wangu ni mfupi, ndugu zake wanamwita Robo. Romanus ni mdogo wake, na akiingia kanisani anainama mlangoni. Niliandika kwa mkono wangu kwamba amelaza Romanus, na sikuliona. Miaka arobaini na minne nimeishi juu ya ngoro na sikuliona. Mtu wa kwetu akikuuliza shamba lako kubwa kiasi gani, unamwambia ngoro mia, ngoro mia mbili, na anaridhika, kwa sababu hakuna anayekwenda kuyagawa mavuno yake kwa hekta.

Tarehe 17 nilikopa futikamba kwa fundi seremala. Mama Kunigunda alinishikia upande wa pili, akiuliza kama sasa napima ngano au jeneza. Ngoro za kipande cha juu, za Isidori: mita moja na nusu, ndogo kabisa moja na sentimita arobaini na nane, kubwa kabisa moja na hamsini na tatu. Ngoro za kipande cha chini, za Romanus: mita moja na sentimita tisini.

Fanya hesabu. Mimi nimeifanya. Kitalu changu cha 2024 hakikuwa na mita kumi na nane. Kilikuwa na mita karibu ishirini na tisa. Nyekundu haikunipa tani tatu na robo. Ilinipa tani mbili na ushee, kama mwaka uliotangulia.

Ningeweza kuficha hili. Nimelifikiria, na nimeandika daftarini kwamba nimelifikiria. Nilikuwa nimejivunia mavuno yale, nilimwandikia hata binti yangu Luisa shuleni kwamba mama yake ameongoza wilaya. Sasa najua niliongoza kwa miguu ya shemeji.

Lakini usidhani hasira yangu imekwisha. Imeongezeka. Angekuja mtu mmoja, siku moja, akasimama juu ya ngoro ile, angeona. Hamkuja. Mlikaa na namba yenu ya mita moja na nusu, namba ya kuambiwa, na ilipowashinda mkasema mama huyu mwongo. Kosa la kutopima ngoro nalipokea, ni langu. Neno "kupikwa" silipokei.

Na bado hujaniambia nani aliliandika.

Ottilia


Ofisi ya Mradi, Mbinga mjini
6 Januari 2025

Kwa: Bi. R. Challe
Yah: Marekebisho ya ripoti ya majaribio ya ngano

Nimepokea jedwali lako jipya pamoja na vipimo ulivyochukua tarehe 28 hadi 31 Desemba katika mashamba ya Litembo, Maguu na Ruanda. Safari hiyo hukuiombea kibali.

Nakubali kwamba eneo la vitalu lilikadiriwa vibaya. Takwimu za Litembo zirudishwe kwenye kanzidata na iwekwe tanbihi isemayo "eneo la vitalu limerekebishwa".

Kuhusu njia ya uchambuzi, msimamo wangu haujabadilika. Mkulima mdogo hana akiba ya kuvumilia mwaka mbaya. Anahitaji mbegu isiyomshtua, na kipimo cha mtawanyiko ndicho kinachosema hivyo waziwazi. Hata katika jedwali lako jipya Namba Mbili inaongoza kwa njia hiyo. Pendekezo la mbegu linabaki kama lilivyo.

Kuhusu ombi lako la pili, ofisi haina utaratibu wa kuandika barua za radhi kwa watunza vitalu, na haiwezi kuanzisha utaratibu huo kwa sababu ya neno moja.

Dkt. Augustino Nombo
Kiongozi wa Mradi


Mbamba Bay
9 Januari 2025

Mama Luisa, shikamoo.

Nimerudi salama. Ule unga wa uji wa ngano na maharage ulionifungia nilimpa mama, naye anawasalimu wote, hasa Baba Luisa. Alitaka kujua kama kweli ni mfupi. Nikamwambia nimemwona, na nimepima ngoro zake, na mtu huyo hajawahi kukosea hata sentimita tano.

Nakuwekea ndani nakala ya barua ya Dkt. Augustino. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Umeshasoma. Sasa nikupe matokeo yote, pamoja na yale yasiyokupendeza.

Maguu ngoro zilikuwa mita moja na sentimita sitini, misimu yote miwili, kwa hiyo mavuno yao tuliyakuza kidogo. Ruanda palinisumbua kuliko kwenu. Pale mwaka 2024 majani walilaza mashemeji wawili, kila mmoja upande wake wa shamba, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyekosea. Ilibidi nipime kitalu kimoja kimoja wakiwa wananifuata nyuma wakibishana. Kwa hiyo kila shamba la milimani lilikuwa na kosa. Ninyi mliitwa waongo kwa sababu kosa lenu lilikuwa kubwa kuliko la wengine, basi.

Na hili nataka ulijue vizuri. Ile njia ya nne, ya kupanga nafasi kama darasani, haikuathirika na ngoro zako hata kidogo. Romanus alilaza majani ya vitalu vyote vya msimu ule, kwa hiyo mbegu zote sita zilipewa hatua ndefu sawasawa, na wa kwanza alibaki wa kwanza. Ile njia ya kwanza ndiyo iliyodanganywa. Kabla hatujaziondoa namba zako, iliona Litembo imeruka, ikaona mbegu yenye mavuno makubwa imeruka zaidi, ikasema inayumba. Njia tuliyoichagua ndiyo iliyokuwa dhaifu kwa kosa tulilolifanya.

Kwa namba zilizosahihishwa, Dkt. Augustino hasemi uongo: kwa mtawanyiko Namba Mbili bado inaongoza. Kwa nafasi, Nyekundu ni ya kwanza mara tano kati ya nane, ya pili mara moja, na ya mwisho mara mbili, zote mbili huku kwetu ziwani. Namba Mbili huku kwetu ni ya kwanza mara zote mbili. Ukichukua milimani peke yake, mavuno mabaya kuliko yote ya Nyekundu ni tani moja na nusu. Mavuno mazuri kuliko yote ya Namba Mbili hayafiki hapo. Mwaka mbaya wa Nyekundu unaushinda mwaka mzuri wa Namba Mbili. Nilimwambia hivyo mezani kwake. Akasema, "Recho, uimara ni kitu kimoja na wingi ni kitu kingine." Nikamwambia, "Daktari, mkulima ana tumbo moja." Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Sasa jambo lako la kwanza, ulilonipigia mstari.

Neno "kupikwa" niliandika mimi. Dkt. Augustino alikuwa ameandika "zinatia shaka". Nilikuwa nasafisha lugha ya ripoti tarehe 11 Novemba, nimechoka, nikaona "kupikwa" linaeleweka zaidi kijijini. Sikukujua. Kwangu ulikuwa mstari wa sita kwenye jedwali. Nilipokaa jikoni kwako siku mbili, nikila chakula chako, nilikuwa najua, na sikusema. Barua yangu ya kwanza nilipoandika "timu iliona" nilikuwa najua. Niliposema uchaguzi wa njia haukuwa wangu nilisema kweli, lakini nilisema ili nisiseme hili.

Ofisi haitakuandikia. Mimi nimeandika. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya kwenda kwa mkutano wa kijiji, yenye jina langu kamili na sahihi yangu. Sikuomba kibali. Mkataba wangu unaisha Machi na sidhani kama utaongezwa, kwa hiyo usione kwamba nimekuwa shujaa sana.

Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa.

Recho Challe


Litembo
20 Januari 2025

Recho,

Marahaba.

Barua yako ilifika tarehe 11. Siku hiyo na iliyofuata sikukuandikia kwa sababu nilichoandika nilikichana. Ulikula ugali wangu na ulikuwa unajua. Hilo limeniuma kuliko neno lenyewe, maana neno liliandikwa na mtu asiyenijua, lakini kimya kile kilikaa kwenye kigoda changu, kikaomba chumvi. Nakuambia ili usidhani nimelimeza.

Nimeona pia kwamba ungeweza kulificha milele. Daftarini nimeandika vyote viwili, kimoja chini ya kingine, na bado sijajua kipi kizito.

Mkutano ulikuwa juzi Jumamosi, tarehe 18. Watu walijaa kuliko Novemba, maana Mama Kunigunda alitangaza tangu kisimani kwamba jeneza la ngano linafunguliwa. Nilivaa kitenge kilekile. Nilimkabidhi Mwenyekiti barua yako mbele ya watu, akaisoma kwa sauti yake ya kuhesabia kura.

Alisoma vizuri mambo ya ngoro. Alisoma mita moja na tisini, watu wakamgeukia Romanus, naye akaangalia miguu yake kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza. Alisoma kwamba takwimu za shamba la Litembo zimerudishwa. Halafu akafika kwenye ukurasa wa pili, akapitisha kidole hadi chini, akaendelea na salamu zako za mwisho.

Mimi ile barua naijua kwa moyo. Nikasimama.

"Mwenyekiti, umeruka."

"Nimeruka wapi, Mama Luisa?"

"Mistari mitatu. Juu ya salamu."

Akashusha miwani. "Mama, haya mambo binti mwenyewe ameyaandika kwa uchungu. Ni mtumishi. Tumstiri. Jambo lako si limeshaeleweka?"

"Novemba uliposoma habari zangu hukuruka hata nukta."

Katekista akasema kutoka nyuma, "Soma, Mwenyekiti. Siku ile hata mimi nilicheka." Basi akarudi juu, akaisoma mstari kwa mstari: kwamba neno "kupikwa" uliliandika wewe Recho Challe, kwamba hukuwa na ushahidi, kwamba Ottilia Kinunda hakupika namba yoyote, na kwamba unamwomba radhi mbele ya watu waliomsikia akitukanwa. Alipomaliza sikuketi. Nikasema na la kwangu, kwamba ngoro nilipaswa kuzipima na sikuzipima, na kwamba mavuno niliyojisifia mwaka jana hayakuwepo. Hilo hakuna aliyeniomba niliseme. Nililisema kwa sababu sikutaka anayenisafisha awe mtu mmoja tu.

Hawakupiga makofi. Walianza kubishana kuhusu mbegu, na hiyo ilinifurahisha zaidi. Nikawaeleza njia zako nne, kwa mahindi manne mkononi kama vidole. Nikawaambia Namba Mbili ni nzuri kwa mzee Aidan na wenzake wa ziwani, na wapewe, ila ofisi imeamua tuipande na sisi. Vikundi vitatu vya huku vimesema vitapokea mbegu ya mradi na kuipanda kitalu kimoja kwa heshima, mashamba mengine yote ni Nyekundu. Imeandikwa kwenye muhtasari wa kijiji, kwa tarehe, na nakala nimempa Meshack ampelekee Dkt. Augustino ofisini kwake.

Mwishoni Mama Kunigunda akanyoosha mkono. Akauliza, "Kwa hiyo Nyekundu ni imara au si imara?"

Nikamjibu, "Huku kwetu imara. Kule ziwani hapana."

Akanikazia macho. "Misimu miwili, mashamba manne, hesabu za njia nne, mtoto wa watu anapoteza kazi. Hilo si hata mimi ningewaambia?"

"Ungewaambia," nikasema. "Wasingeandika."

Mkataba wako ukiisha Machi, uje. Tunapanda kuanzia tarehe 10 mwezi huohuo, na safari hii wa kushika futikamba namtaka wewe.

Ottilia Kinunda